Teodosia wa Pili

Karatasi ya majina ina pande mbili. Unachana ukurasa wa daftari la shule, unaukunja katikati, juu ya upande wa kulia unachora msalaba kwa kalamu nyekundu, na juu ya upande wa kushoto unachora mwingine kwa kalamu nyeusi. Chini ya mwekundu unawaandika walio hai, chini ya mweusi unawaandika wafu wako. Jina la ubatizo tu, bila la ukoo. Jumamosi za Kwaresima unampelekea Padri karatasi hiyo pamoja na mkate na mshumaa. Walio hai huwasoma peke yake madhabahuni, nyuma ya pazia, kwa sauti ya chini, husikii kitu. Wafu huwasoma mbele yetu sote, kwa sauti kubwa, nyumba baada ya nyumba, nasi tumesimama na mishumaa tukiyazunguka mabakuli ya ngano iliyochemshwa kwa asali.

Nimeanza na karatasi kwa sababu ndiyo iliyoniponza. Mpaka leo Anisia, jirani yangu, anaapa kwamba lazima kuna mahali nilisema. Sikusema. Mdomo wangu niliufunga kama ninavyofunga mitungi ya matango ya siki, mpaka mkono unauma.

Mjukuu wangu tulimwita Dosea, lakini kwa ubatizo ni Teodosia, jina la mama yangu mzazi. Kijijini kwetu hakuna Teodosia mwingine aliye hai; siku hizi watoto wanapewa majina ya kwenye televisheni. Nilimlea tangu ana miaka minne, baba yake Anatol, mwanangu, alipoangukiwa na mawe machimboni, na mama yake akaolewa mbali akaanza watoto wengine. Alilala chumba cha nyuma, chenye dirisha linalotazama mti wa jozi. Alikuwa mtu wa kucheka. Akicheka alikuwa anajishika sikio, sijui kwa nini.

Aliyemchukua ni Vadim, mwana wa Zinovia. Zinovia anakaa nyumba ya nne kutoka kwangu, ile yenye geti la chuma na simba wawili waliopakwa rangi ya dhahabu. Vadim alikuwa anawatafutia watu kazi ya kutunza wazee Italia, na hilo halikumshangaza mtu. Nusu ya wanawake wa kijiji chetu wako Italia wanawageuza vitandani wazee wa watu, na sisi wazee wao tuliobaki tunageuzana wenyewe. Dosea aliondoka Septemba, siku tuliyokuwa tunakanyaga zabibu. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Alinibusu na miguu yake ingali myekundu hadi magotini.

Alipiga simu mara tatu. Baada ya Krismasi akanyamaza.

Nilikwenda kwa polisi wetu, ambaye anahudumia vijiji vitatu kwa gari moja, na gari lenyewe siku hiyo halikuwa na mafuta. Akaniambia, "Mama Evdochia, mtoto ni mtu mzima. Wakipata wanaume wanasahau kupiga simu." Kwenye ukuta wa duka kulikuwa na bango la serikali, picha ya msichana aliyefungwa mkono kwa karatasi yenye bei, kama shati la sokoni, na chini yake namba ya simu ya bure. Nikapiga. Alipokea msichana mwenye adabu sana, akaandika kila kitu: urefu, rangi ya macho, kovu la kidole. Nikangoja.

Kiangazi kilichofuata Zinovia alikuja kwangu na kitambaa cha kufutia machozi, kimepigwa pasi. Akasema Vadim kapiga simu, kulitokea ajali ya gari, Dosea amekufa na kule kule wamemzika. Nikafanya kumbukumbu ya siku tisa, nikafanya ya arobaini. Nikafunga kitambaa cheusi kichwani. Na kwenye karatasi, upande mweusi, chini ya mama yangu, nikaandika jina lile lile mara ya pili. Tangu siku hiyo Padri Ieremia akifika kwenye wafu wangu alikuwa anasoma: Grigore, ambaye ni mume wangu, Anatol, Teodosia, Teodosia.

Mwaka na miezi saba baadaye, mwezi wa Februari, nikiwa nawamwagia kuku mahindi, simu ikalia.

"Bibi Evdochia? Mimi naitwa Larisa, ni ofisa wa ustawi wa jamii, nakupigia kutoka Chișinău. Uko peke yako?"

"Niko na kuku."

"Kaa chini, Bibi."

Nikakaa kwenye ndoo.

*

Larisa alinipokea kituo cha mabasi cha mji mkuu. Mwanamke mfupi, koti la kijani, mafua yasiyokwisha. Tulipita vichochoro hadi nikapoteza dira, tukafika kwenye nyumba kama nyumba nyingine yoyote, mapazia, baiskeli ya mtoto uani. Hakuna kibao cha serikali wala bendera.

"Bibi, mtaa huu usiutaje kwa mtu. Hata lile duka la pembeni usilitaje."

"Mwanangu, hata nikitaka siwezi. Limeandikwa kwa herufi za kuchezacheza, sikuweza kulisoma."

Nilikuwa nimebeba mtungi wa tikitimaji la siki, maharage ya kusaga kwa vile ilikuwa Kwaresima, na kifuko cha jozi za mti wetu. Dosea alikuwa amekaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango. Chumba kina joto la kutosha kuumulia mkate, naye amevaa koti, amelifunga vifungo vyote. Nywele zimekatwa fupi. Hakuinuka. Nikapiga magoti nikamshika miguu, maana ndiyo niliyoikumbuka mwisho.

Ndipo akafungua mdomo.

"Bibi, eti ulinizika?"

"Nilikuzika, mwanangu."

"Ulipika nini?"

"Kabichi zilizofungiwa wali ndani, kuku wa supu, na mikate ya maboga."

"Kuku yupi?"

"Yule mwekundu aliyekuwa anakudonoa."

Mkono wake ukapanda kuelekea sikioni, ukaishia njiani. "Anisia alilia?"

"Alilia kuliko mimi. Halafu akaondoka na sahani mbili."

Nikadhani atacheka. Akaitazama sakafu. Kisha akauliza, "Na kwenye karatasi ya Padri, uliniandika upande gani?"

Sikuweza kumdanganya. Akasema alijua. Akasema kule alikokuwa kulikuwa na siku alikuwa anaamka mwili umekufa ganzi, hasikii mikono, na alikuwa akijiambia kwamba nyumbani wanamsoma pamoja na wafu. Ndivyo sisi tunavyoamini. Mtu aliye hai ukimwandika chini ya msalaba mweusi, ananyauka. Kuna wanawake wamewahi kuwaandikia hivyo wakwe na mawifi zao kwa chuki, na Padri akawafukuza kanisani.

"Nitoe huko, Bibi. Niahidi."

"Jumamosi hii hii."

Mlango ukagongwa, akaingia Larisa na mpelelezi, Afande Olaru, wa ofisi ya serikali inayowasaka wauza watu. Kijana, kucha zimetafunwa, faili kwapani. Alizungumza nami vizuri, kama anavyozungumza mtu na bibi yake. Akanieleza kwamba Dosea aliuzwa kutoka nyumba hadi nyumba mara nne, hadi Vadim mwenyewe hajui tena yuko wapi. Polisi wa kule walimkuta Dosea wakati wa msako na kumkabidhi kwa serikali yetu. Vadim ana paspoti mbili, leo yuko huku kesho kule, mwaka wa tatu huu wanamkosa.

"Lakini kila mwaka anakuja nyumbani siku moja," akasema.

"Pasaka ya Wafu," nikasema mimi. Jumatatu ya pili baada ya Pasaka, kijiji kizima huwa makaburini. Baba yake Vadim amezikwa pale karibu na uzio.

"Hiyo siku hakosi. Anamwogopa mama yake kuliko anavyotuogopa sisi. Tutakuwa pale. Lakini akisikia kwamba Teodosia yuko hai na yuko mikononi mwetu, hatakanyaga tena nchi hii. Kwa hiyo, Bibi, nakuomba kitu kigumu. Endelea kuomboleza."

"Vipi?"

"Kama ulivyokuwa. Kitambaa cheusi, machozi, kila kitu. Usimwambie mtu. Hata Padri usimwambie. Wiki nane tu."

"Na akikamatwa?"

Dosea ndiye aliyejibu, bila kugeuza uso. "Siku atakayofungiwa mlango, Bibi, narudi nyumbani. Kabla ya hapo, hapana. Anajua dirisha langu liko upande gani."

Nikaahidi. Hapo mkononi nikawa na ahadi mbili, na sikuona kwamba zinagombana.

*

Ijumaa jioni nilikaa mezani na daftari. Nilikuwa nimewaza njia nzima kwenye basi. Afande alinikataza kusema. Karatasi ni baina yangu na Mungu na Padri, na Padri hasemi ya watu. Upande mwekundu unasomwa nyuma ya pazia. Nikimhamishia huko, nani atasikia? Nililipima hili kama ninavyopima unga, na nikaona limekaa sawa. Kilichosomwa kwa siri hakitasikika. Hivyo ndivyo nilivyowaza, na ndivyo alivyowaza Dosea, naye alisoma hadi darasa la kumi na mbili. Yule Afande wa mjini angewezaje kujua? Kwao wafu wanaandikwa kwenye faili.

Nikaandika upya, kwa mwandiko wangu wa darasa la nne. Mweusi: Grigore, Anatol, Teodosia. Mwekundu: Evdochia, Teodosia.

Siku ya pili nilisimama mahali pangu, kushoto, karibu na dirisha la Mtakatifu Paraskeva. Anisia kuliani kwangu, Zinovia nyuma yangu, kama tulivyosimama miaka thelathini. Padri Ieremia ana sauti ya pipa. Akafika kwangu: "Grigore, Anatol, Teodosia," akavuta pumzi, akaendelea na wafu wa Anisia. Nilihisi kama mtu kaniondolea gunia mgongoni. Nikalia, na kilio chenyewe kilifaa, mfiwa analia.

Baada ya ibada Padri aliniita pembeni. "Mama Evdochia, leo umeniandikia Teodosia mmoja."

"Macho, Baba. Siku hizi hayaoni."

"Nimwongeze?"

"Acha tu, Baba. Mungu anamjua."

Akafungua karatasi akatazama upande wa pili. Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akaikunja, akafanya ishara ya msalaba, akaitia kwenye mfuko wa kanzu. Yeye hakumwambia mtu, naapa kwa macho hayo hayo.

Wiki zikaenda. Nilivaa kitambaa cheusi, na ndani ya nyumba nikapaka chokaa chumba cha nyuma, maana kabla ya Pasaka kila mtu anapaka na hakuna wa kushuku. Nikafua godoro. Nikashona foronya mbili za maua. Anisia alikuwa anapita kwa mlango wa jikoni bila kubisha, ndiyo tabia yake.

"Shoga, mbona unanona? Mwenzako Kwaresima hii nimebaki mifupa, wewe mashavu yamejaa kama ya bibi harusi."

"Ni maharage."

"Maharage gani hayo? Nipe na mimi mbegu."

"Nenda zako, Anisia, unga unachacha."

"Hakuna unga hapo. Una jambo wewe. Umepata mchumba."

"Ndiyo. Mchimba makaburi."

Akacheka mpaka akaketi. Nami nilicheka, na alipotoka nikatia komeo mlangoni. Namna hiyo niliilinda siri yangu, kwa mdomo, Jumamosi sita. Na Jumamosi zote sita Padri alisoma Teodosia mmoja.

*

Pasaka ya Wafu mwaka ule jua lilikuwa kali tangu asubuhi. Makaburini palijaa. Juu ya kila kaburi kitambaa cheupe, mayai mekundu, mikate, kabichi za kufungia wali, divai ya nyumbani, na waliotoka Italia na kwingineko wakila kwenye makaburi ya mama zao na kulia simu zikiwa mkononi. Desturi ni kwamba unagawa kwa ajili ya roho za watu wako: mkate, taulo mpya, mshumaa, yai. Unampa mtu na kutaja jina la marehemu. Naye anapokea kwa mikono miwili na kusema, "Mungu ampumzishe." Kukataa hakupo. Sijawahi kuona mtu akikataa tangu nizaliwe.

Mimi nilikuwa kwenye kaburi la Grigore. Macho yangu yalikuwa getini.

Anisia akanipiga kiwiko. "Shoga, tazama kule. Haralampie kapata ndugu."

Haralampie alikuwa mlevi asiye na mtu, alikufa barabarani. Penye kaburi lake walisimama mwanamume na mwanamke, vijana, wameshika maua ya plastiki, viatu vya ngozi vimeng'aa.

"Miaka kumi na nne hajaletewa hata ganda la yai," akasema Anisia, "leo maua na watu wenye viatu vya harusi."

"Labda wapwa zake."

"Wapwa gani? Tazama anavyommwagia divai. Ona, kaimwaga kwenye kiatu! Ukoo wa Haralampie ungeilamba."

Afande Olaru mwenyewe nilimwona karibu na kisima, amekula mkate wa jibini ambao mtu alimpa, anafuta mikono kwenye suruali. Saa nne. Saa tano. Padri alipita na chetezo akamaliza mistari yote ya makaburi. Magari yaliingia na kutoka, ya Italia, ya Ufaransa, ya Ujerumani. La Vadim halikuja.

Saa sita na nusu Zinovia alikuja kwangu. Peke yake, gauni la hariri ya rangi ya majivu, kapu mkononi. Akatoa mkate wa kusuka, taulo jeupe lenye jogoo wa kutarizi, mshumaa, na yai. Akanyoosha mikono.

"Pokea, Evdochia. Kwa roho ya Teodosia."

Mimi nimepokea sadaka za wafu tangu ninatambaa. Mikono yangu haikuniuliza. Ilikwenda yenyewe, yote miwili, na mdomo nao ukaenda: "Mungu ampumzishe."

Nilipolisikia nililosema, mkate ulikuwa tayari kifuani. Hata nikaubusu, kama inavyopasa.

"Vizuri," akasema Zinovia, sauti ya chini, uso wa tabasamu kwa ajili ya watu. "Basi mrudishe kwenye karatasi."

"Sikuelewi, mwenzangu."

"Unanielewa. Miaka thelathini nasimama mgongoni kwako. Wafu wako nawajua kuliko wangu. Grigore, Anatol, Teodosia, Teodosia. Jumamosi ile ya kwanza ikawa Grigore, Anatol, Teodosia, halafu Padri akaruka kwa Anisia. Nikasema, kasahau. Jumamosi ya pili nikasikiliza tena. Mtu hamtoi mtoto wake kwa wafu bila sababu. Jioni ile ile nikampigia mwanangu."

Nilikumbuka kwamba mimi mwenyewe wafu wa Anisia nawajua wote kumi na mmoja kwa mpangilio, na wa Zinovia pia, na siku Padri alipomruka Vasile, shemeji ya Zinovia, nilikuwa wa kwanza kugeuka. Wanawake wote wa kanisa lile wanajua. Tunasikiliza wafu wa wenzetu kuliko tunavyosikiliza Injili.

"Alimuuza, Zinovia," nikasema. "Alimuuza mara nne."

"Ananiambia ni uongo. Ananiambia walikwenda wenyewe." Mdomo wake ulikuwa unacheza. "Wewe umemtoa wako kwa wafu. Ukataka mimi niingize wangu?"

Akalipanga vizuri lile taulo mkononi mwangu ili jogoo watazame juu, akaenda zake kwenye kaburi la mumewe.

*

Afande Olaru alinikuta nimekaa nyuma ya kanisa. Watu walikuwa wameanza kukunja vitambaa.

"Hakuja, Bibi. Simu yake imezimwa tangu Machi. Mtu alimwambia." Hakuwa mkali. Afadhali angekuwa mkali. "Ulimwambia nani?"

Nikamweleza. Karatasi, pande mbili, pazia, pengo. Alisikiliza akitafuna kucha, na nilipomaliza alitoa daftari lake, akaandika neno moja, akasimamisha kalamu.

"Nitaliandikaje hili kwenye ripoti?"

"Liandike kama nilivyolisema. Evdochia ndiye aliyeharibu."

"Mimi ndiye niliyekuambia uendelee na kila kitu kama ulivyokuwa," akasema. "Sikujua kila kitu ni nini." Akafunga daftari.

Kwa Dosea niliomba nikamwambie mwenyewe. Larisa hakutaka, kisha akakubali. Chumba kile kile, kiti kile kile, koti. Nilisema yote, hata la mkate, hata la kuubusu.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyekuomba."

"Ni mimi, mwanangu. Mtu mzima ni mimi."

"Sasa anajua niko hai."

"Anajua."

"Na anajua niliongea."

Akainuka, akaniwekea sawa kitambaa changu kichwani, maana kilikuwa kimelegea. "Usilie, Bibi. Utachelewa basi."

Serikali haikumtupa, sitasema uongo. Larisa alimwombea kukaa miezi mingine, wakampa. Wakampa mwanasheria wa bure, msichana mzuri, aliyekuja kila mwezi kumwambia kwamba kesi imesimama mpaka mshtakiwa apatikane. Wakampeleka kujifunza usukaji na ukataji wa nywele kwenye saluni fulani, asubuhi kwenda, mchana kurudi. Wakambadilishia namba ya simu. Akapokea ujumbe kwenye namba mpya, haukuwa na maneno. Ni picha tu. Mti wa jozi, dirisha, na foronya zangu za maua zikionekana ndani, nilizokuwa nimezianika kitini. Afande alikuja kijijini kupima mtu alisimama wapi kupiga picha. Zinovia alimkaribisha chai.

Nikamwambia Dosea kwenye simu kwamba nimefunga mbao dirishani. Akasema, "Ahsante, Bibi." Akasema foronya ni nzuri.

Agosti, siku ya Alhamisi, alitoka kwenda saluni na hakufika. Joto lilikuwa kubwa. Larisa aliniletea kijijini vitu vyake mwenyewe, hakumtuma mtu, mafua yake yale yale. Begi dogo, kitana, na lile koti. Walilikuta limetundikwa msumarini, vifungo vimefungwa vyote. Mfukoni mlikuwa na jozi moja, ya kifuko kile changu cha kwanza, haijavunjwa.

"Hatujui kama ameondoka mwenyewe au amechukuliwa," Larisa akasema. "Mlangoni kamera inamwonyesha peke yake. Pale kona hakuna kamera." Akalia. Nikampa kitambaa cha mkono na supu.

Bango bado liko dukani, limepaushwa na jua, msichana na bei yake. Nikapiga namba ile. Akapokea yule yule mwenye adabu, au mwingine mwenye sauti yake. Urefu. Rangi ya macho. Kovu la kidole.

"Je, hii ni mara yako ya kwanza kutoa taarifa, Bibi?"

"Ya pili, mwanangu."

"Ya mtu mwingine?"

"Mtu yule yule."

Nikasikia anaandika.

Sasa ni Novemba, Jumamosi ya wafu ya kabla ya baridi. Jana nilikaa mezani na daftari, kalamu nyekundu na nyeusi. Mwandiko umekuwa mbaya, macho sasa kweli yanakwisha. Mweusi nilimaliza haraka. Kwenye mwekundu niliandika jina langu, kalamu ikasimama. Ahadi yangu ilikuwa kumtoa kwa wafu, na kumrudisha kule siwezi. Mwekundu nao, kila nikisogeza kalamu, namwona Zinovia mgongoni kwangu, na mwanawe, popote alipo, amesimama nyuma ya mti wa jozi. Mwisho nikaandika. Leo nimepeleka.

Padri ameniita pembeni tena, karatasi mkononi, ameikunjua, ameigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Mama Evdochia, huyu Teodosia wa pili umemwandika kwenye mkunjo, katikati kabisa. Nimsome upande gani?"

Kanisa lilikuwa limeshajaa. Anisia alikuwa anawasha mshumaa wangu kwa moto wa wake. Nyuma ya mahali pangu, gauni la rangi ya majivu.

"Wasome wengine, Baba," nikamwambia.